Binamu ambaye mfalme hakumsamehe

Mei 1589 makabaila wawili wa Uskoti walitiwa hatiani kwa kosa la uhaini dhidi ya Mfalme James VI. Mmoja alikuwa George Gordon, Erli wa Huntly, aliyeitawala sehemu kubwa ya kaskazini mashariki kwa nguvu za ukoo wake. Mwingine alikuwa Francis Stewart, Erli wa Bothwell, Admirali Mkuu wa nchi na binamu wa mfalme. Wote walifungwa, na wote walikuwa huru kabla mwaka haujaisha. Miaka kumi baadaye Huntly, aliyekuwa ameua mtu, ameasi tena na kupigana na jeshi lililotumwa kwa jina la mfalme, alipandishwa cheo akawa Markizi. Wakati huo Bothwell alikuwa mkimbizi ng'ambo, hana ardhi, hana cheo, hana pa kurudi. Alifia Naples, Italia, Novemba 1612, akiwa fukara.

Wanahistoria wengi wanamweleza Bothwell kwa tabia yake: mwepesi wa hasira, mwepesi wa upanga, mtu asiyejua kunyamaza mbele ya wakubwa. Alikuwa hivyo kweli. Lakini Uskoti ya karne ya 16 ilikuwa imejaa watu wa namna hiyo, na wengi wao walikufa vitandani mwao wakiwa na vyeo vyao. Hasira haitoshi kueleza kwa nini mmoja alisamehewa kila mara na mwingine akafungiwa mlango moja kwa moja. Naona jibu limo katika mambo mawili: jinsi alivyoupata ukubwa wake, na hofu aliyomtia mtoto wa shangazi yake.

Tuanze na ukoo. Mfalme James V alipofariki Desemba 1542 aliacha mtoto mmoja tu wa ndoa, Mary, kichanga cha siku sita. Aliacha pia watoto kadhaa wa nje, na hao hakuwatupa. Alikuwa amepata kibali cha Papa kuwakabidhi wanawe mapato ya abasia tajiri wakiwa bado wadogo, bila wao kuwa watawa. Mmoja wao, John, alipewa Coldingham, karibu na mpaka wa Uingereza. Mwaka 1551 John alihalalishwa rasmi kwa hati ya serikali, jambo litakalokuwa na uzito baadaye, maana liliusogeza uzao wake karibu zaidi na kiti cha enzi.

Januari 1562 John alimwoa Jean Hepburn katika ngome ya Crichton, kusini mashariki mwa Edinburgh, na dada yake, Malkia Mary, akahudhuria harusi. Desemba mwaka huohuo akazaliwa Francis. Baba yake alifariki mwaka 1563, mtoto akiwa hajatimiza mwaka.

Upande wa mama ndiko kulikotoka msiba. Kaka yake Jean alikuwa James Hepburn, Erli wa nne wa Bothwell. Februari 1567 nyumba aliyolala Lodi Darnley, mume wa pili wa Malkia Mary, ililipuliwa kwa baruti, na Darnley akakutwa amekufa bustanini. Hepburn alishutumiwa kuwa kinara wa mauaji hayo. Mei mwaka huo, kabla marehemu hajamaliza hata miezi minne kaburini, malkia akaolewa na Hepburn. Kwa mtoto Francis, mjomba wake alikuwa amemwoa shangazi yake. Kwa James, mtoto wa malkia na Darnley, mtu aliyeitwa Bothwell alikuwa ameingia kwenye nafasi ya baba yake juu ya damu ya baba yake.

Ndoa hiyo haikudumu. Mary alipokonywa ufalme, James akavikwa taji akiwa na umri wa mwaka mmoja, na Hepburn akakimbilia bahari ya kaskazini. Desemba 1567 Bunge lilimvua cheo na mali zote. Alifariki mwaka 1578 akiwa mfungwa katika ngome ya Dragsholm, Denmark.

Huyo alikuwa bado hai kifungoni pale Francis, kijana wa miaka 14, alipopewa cheo kilekile mwaka 1577. Nchi ilikuwa mikononi mwa James Douglas, Erli wa Morton, aliyetawala kwa niaba ya mfalme mtoto. Mwaka huohuo Francis aliozeshwa Margaret Douglas, mtoto wa kaka yake Morton, mjane mwenye watoto, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye. Pamoja na cheo alikabidhiwa uadmirali, nafasi za usherifu, ulinzi wa bonde la Liddesdale mpakani na ngome yake ya Hermitage. Mapato ya abasia za Kelso na Coldingham nayo yalikuja kuwa yake.

Erli wa wakati ule alikuwa na ardhi, ngome, mahakama yake, na watu wa kushika silaha akiwaita. Lakini kulikuwa na Erli na Erli. Akina Gordon wa Huntly walikuwa wamekaa kaskazini vizazi na vizazi. Wapangaji wao waliwafuata kwa kuwa baba zao waliwafuata baba zao. Francis hakuwa na mizizi hiyo. Ardhi yake ilikuwa ya mjomba aliyehukumiwa, cheo chake kilitolewa kwa kalamu ya mtawala wa muda, na mapato yake makubwa yalikuwa ya Kanisa yaliyogeuzwa kuwa ya familia. Kila alichokuwa nacho kilikuwa na hati, na kila hati ingeweza kufutwa. Jina lenyewe, Bothwell, kila lilipotamkwa barazani lilimkumbusha mfalme kifo cha baba yake. Sijui kama kuna zawadi mbaya zaidi ambayo Morton angeweza kumpa kijana yule.

Alisoma St Andrews, kisha akaenda Ufaransa na Italia, na kurudi mwaka 1582. Kitu bora alichorudi nacho bado kipo, na mtu yeyote anaweza kwenda kukiona. Ngome ya Crichton leo ni gofu juu ya kilima, na kwa nje ni mawe mazito ya kijivu kama ngome nyingine za mpakani. Ukiingia uani, ukuta wa upande wa kaskazini unakushangaza: umefunikwa juu hadi chini kwa mawe yaliyochongwa kwa ncha, kila jiwe na pembe zake nne zinazokutana katikati kama almasi iliyochomoza. Jua likiwa upande, nusu ya kila jiwe inang'aa na nusu ina kivuli. Chini yake kuna safu ya matao, na juu ya nguzo zimechongwa nanga za admirali pamoja na herufi za kwanza za jina lake na la mkewe. Mtindo huo unafahamika zaidi katika Palazzo dei Diamanti ya Ferrara, na Uskoti haikuwa na kitu cha kulinganisha. Ndani kulijengwa ngazi pana zilizonyooka, wakati karibu kila ngome ya nchi hiyo ilikuwa na ngazi nyembamba za kuzunguka. Aliyejenga ukuta ule alikuwa na jicho na elimu. Wanaomwita mhuni wa mpakani tu hawajauangalia vizuri.

Mfalme aliyemkuta aliporudi alikuwa mtu aliyejaa hofu. James alizaliwa mwaka 1566, akalelewa bila baba wala mama, na katika utoto wake watawala wanne walishika nchi kwa niaba yake. Wawili waliuawa kwa silaha, na wa nne, Morton, alikatwa kichwa mwaka 1581. Agosti 1582 kundi la makabaila likiongozwa na ukoo wa Ruthven lilimteka mfalme mwenyewe, akiwa kijana wa miaka 16, likamshikilia miezi kumi. Tangu hapo alijua kwamba katika nchi yake anayeushika mwili wa mfalme ndiye anayetawala. Kila alichokuja kufanya kwa Bothwell kinaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka miezi hiyo kumi.

Mwanzoni binamu hao walipendana, na Bothwell alikuwa miongoni mwa watu wa karibu barazani. Kisha, Februari 1587, Elizabeth I wa Uingereza alimkata kichwa mfungwa wake Mary, mama wa James na shangazi wa Bothwell. Baraza la mfalme lilitakiwa kuvaa nguo za msiba. Inasimuliwa kwamba Bothwell alitokea amevaa deraya za vita, akasema hayo ndiyo mavazi ya msiba huo. Waskoti wengi walimpenda kwa neno hilo. James alikuwa na hesabu nyingine: Elizabeth hakuwa na mtoto, na mfalme wa Uskoti alikuwa akikinyemelea kiti chake. Binamu aliyedai kisasi hadharani alikuwa akimdhalilisha na kumharibia.

Julai 1588 Bothwell alimuua Sir William Stewart katika kichochoro cha Blackfriars, Edinburgh, muda mfupi baada ya kurushiana matusi mbele ya mfalme. Hakuadhibiwa. Mwaka uliofuata akaingia katika njama ya Huntly, ingawa yeye alikuwa Mprotestanti na Huntly Mkatoliki. Kilichowaunganisha ni chuki dhidi ya mtu mmoja, Chansela John Maitland, mwanasheria aliyeendesha serikali kwa kalamu na kuwaziba makabaila njia ya kumfikia mfalme. James alipanda farasi akaelekea kaskazini, jeshi la Huntly likasambaratika karibu na Aberdeen, na hukumu ya Mei ikafuata.

Mpaka hapo bado alikuwa ni kabaila mkorofi wa kawaida. Bahari ndiyo iliyobadilisha mambo.

Vuli ya 1589 bibi harusi wa mfalme, Anne wa Denmark, alikuwa akisafirishwa kwenda Uskoti. Tufani zikairudisha nyuma meli yake hadi Norwe. James alivuka mwenyewe kumfuata, wakafunga ndoa Oslo Novemba, na hawakurudi hadi Mei 1590. Kwa miezi yote hiyo Bothwell alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa nchi, na nchi ilitulia. Mfalme alirudi salama, lakini alirudi na maswali. Denmark kulianza kesi za wanawake walioshutumiwa kuziroga meli zile, na baadhi walichomwa moto. Miezi michache tu baadaye kesi za namna hiyo zilizuka mashariki mwa Edinburgh.

Aliyeshikwa kwanza ni Geillis Duncan, mtumishi wa ndani wa bwana mmoja wa Tranent, aliyesifika kwa kutibu wagonjwa. Bwana wake alimbana vidole kwa chuma hadi akataja majina. Miongoni mwa waliotajwa ni Agnes Sampson, mkunga na mganga mwenye umri mkubwa, na John Fian, mwalimu wa shule. Sampson alinyolewa nywele, akakazwa kamba kichwani, akanyimwa usingizi. Mfalme mwenyewe alikaa kumhoji. Ndipo maungamo yakatoka: mkutano wa usiku katika kanisa la North Berwick, paka aliyebatizwa na kutupwa baharini ili kuamsha tufani, wachawi wanaosafiri majini ndani ya machekeche. Msomaji aliyekulia na hadithi za wachawi wanaopaa kwa ungo hataona ajabu sana. Anayeijua tamthilia ya Makbeth, aliyoitafsiri S. S. Mushi mwaka 1968, atawakumbuka wale wachawi wa mwanzo wa mchezo na yule mmoja anayesafiri ndani ya chombo hichohicho. Shakespeare aliiandika baada ya James kuwa mfalme wa Uingereza pia.

Agnes Sampson aliuawa Januari 1591. Katika mahojiano hayo lilijitokeza jina la Bothwell: sanamu ya nta ya mfalme ilikuwa imetengenezwa ili iyeyushwe, na aliyeomba kazi hiyo ni yeye. Ritchie Graham, mganga aliyekiri kukutana naye, alishikilia kwamba Erli alimuuliza mfalme atakufa lini na kutaka siku hiyo iharakishwe. Bothwell alikiri kumfahamu Graham, akakana mengine yote. Tuhuma ilikuwa na mantiki ya kutisha. Mfalme hakuwa na mtoto. Bothwell alikuwa mjukuu wa James V kupitia baba aliyehalalishwa. Tena ndiye Admirali, msimamizi wa bahari ileile iliyotaka kummeza malkia. Aprili 1591 alifungwa katika ngome ya Edinburgh.

Je, kulikuwa na njama? Kwamba makabaila walikwenda kwa waganga kuulizia bahati zao ni jambo lililojulikana. Kwamba mtu anaweza kuvurumisha upepo kwa paka, sisi tunajua hapana. Maitland na washirika wake walinufaika sana na tuhuma hiyo, lakini naamini mfalme hakuigiza. Aliogopa kwa dhati. Mei 1591 jopo lilipomwachia mmoja wa washtakiwa, Barbara Napier, James aliwashitaki wanajopo wenyewe kwa kukosea uamuzi. Juni, Euphame MacCalzean, binti wa jaji, alichomwa akiwa hai.

Mwezi huohuo Bothwell alitoroka ngomeni. Siku chache tu baadaye akatangazwa mhaini, amevuliwa kila kitu. Ndipo likaanza jambo ambalo sijaona mfano wake: miaka mitatu ya mtu mmoja kujaribu kumfikia mfalme kwa nguvu ili asikilizwe.

Usiku wa 27 Desemba 1591 aliingia kasri la Holyrood na wenzake. Walipiga milango kwa nyundo, wakataka kuchoma moto chumba alichojifungia mfalme. Watu wa mji wakaja mbio na Bothwell akakimbia, nyuma yake amelala msimamizi wa farasi wa mfalme, John Shaw, amekufa. Wafuasi kadhaa walionaswa walinyongwa kesho yake. Juni 1592 alivamia kasri la Falkland. Mfalme alijifungia mnarani, na wavamizi wakaondoka na farasi wa zizini.

Kati ya mashambulio hayo mawili kuna mauaji yanayoonyesha wazi mizani ya mfalme. Huntly alipewa idhini ya kuwasaka Bothwell na washirika wake. Aliitumia Februari 1592 kumaliza ugomvi wake binafsi: aliichoma nyumba ya Donibristle na kumuua Erli wa Moray, kijana aliyependwa na watu. Nchi ilighadhibika. Huntly alikaa kizuizini siku chache, akaachiwa. Mkewe alikuwa dada wa Duki wa Lennox, kipenzi cha mfalme, na James mwenyewe hakuficha mapenzi yake kwa Huntly.

Asubuhi ya 24 Julai 1593 Bothwell alifika alipopataka. Mke wa Erli wa Atholl, Marie Ruthven, alimwingiza Holyrood kwa siri kupitia upande wa nyumba ya familia yake. Baba yake Marie alikuwa ndiye kiongozi wa waliomteka mfalme mwaka 1582, na alikatwa kichwa miaka miwili baadaye. Binti hakuwa amesahau. Mfalme alitoka msalani, suruali haijafungwa sawasawa, akamkuta binamu yake kasimama na upanga wazi, pembeni yake mshirika wake John Colville. James alipiga kelele za uhaini. Alikimbilia mlango wa chumba cha malkia, akaukuta umefungwa. Kwa mujibu wa simulizi za wakati ule, aliwaambia wanaweza kuutwaa uhai wake lakini roho yake hawataipata.

Bothwell alipiga magoti. Aliuweka upanga sakafuni, akaomba afikishwe mahakamani kwa tuhuma ya uchawi, na akikutwa na hatia auawe. Watu wa Edinburgh walikuwa wamekwisha jaa nje, na mfalme akalazimika kutokea dirishani kuwatuliza. Picha yote ya mkasa wa wanaume hawa wawili imo ndani ya chumba kile: mmoja anaamini kwamba akionana na ndugu yake ana kwa ana mambo yataisha, mwingine anaona tu upanga na anakumbuka mwaka 1582. Kwa Bothwell, kupiga magoti ndilo lilikuwa tendo lenyewe. Kwa James, tendo lilikuwa ni kuingia.

Kesi ilifanyika 10 Agosti. Waamuzi walikuwa makabaila wenzake, mshitaki wake mkuu Graham alikuwa amechomwa moto Februari 1592, na wafuasi wa mshitakiwa walikuwa wameujaza mji. Aliachiwa huru. Septemba mfalme, akiwa Stirling na amezungukwa na watu wengine, alisema msamaha uliotolewa chini ya upanga haumfungi. Bothwell angesamehewa endapo tu angeihama nchi. Alikataa.

Bado alikuwa na marafiki. Wachungaji wa Kanisa la Uskoti walimwona kama kiboko cha Wakatoliki. Maofisa wa Uingereza upande wa pili wa mpaka walimpa hifadhi, huku Elizabeth akijifanya hajui. Aprili 1594 alifika bandari ya Leith, karibu na Edinburgh, na mamia kadhaa ya wapanda farasi. James alisimama katika kanisa la St Giles akawaomba wananchi wamsaidie, akiahidi kisha kuwashughulikia makabaila wa Kikatoliki. Siku hiyo Bothwell aliwatimua wapanda farasi wa Lodi Home nje ya mji, na mfalme akaonekana akirudi Edinburgh kwa mwendo wa kasi. Lakini mji haukumfungukia mshindi, naye akageuza farasi kurudi mpakani.

Baada ya hapo alifanya kosa ambalo hakuna aliyeweza kumtetea kwalo. Bila fedha, na Uingereza ikiwa imemwacha, aliungana na Huntly na makabaila wa Kikatoliki waliotegemea Hispania. Wachungaji waliomwombea jana wakamtenga na Kanisa Februari 1595. Mwezi huohuo ndugu yake Hercules alinyongwa Edinburgh. Bothwell alielekea kaskazini kabisa, na kufikia Aprili alikuwa Ufaransa. Baadaye akaenda Hispania, akaingia Ukatoliki, akamalizia Naples kwa fadhila za Wahispania.

Huntly naye aliondoka nchini mwaka 1595, baada ya kulishinda jeshi la Erli wa Argyll huko Glenlivet na ngome yake ya Strathbogie kubomolewa kwa amri ya mfalme. Mwaka uliofuata alirudi kimyakimya. Mwaka 1597 alipokewa na Kanisa, mwaka 1599 akawa Markizi. James alimhitaji kaskazini, maana bila Gordon hakuna aliyeweza kuishika sehemu ile. Kusini hakumhitaji Bothwell. Alichohitaji ni mali ya Bothwell, na ilitosha kuwashibisha watu watatu au wanne.

Uadmirali ulikwenda kwa Duki wa Lennox. Mapato ya Kelso yakaangukia kwa ukoo wa Ker, na Coldingham ikaenda kwa akina Home. Liddesdale na Hermitage alipewa Walter Scott wa Buccleuch, mtoto wa Margaret Douglas kwa mume wa kwanza, yaani mtoto wa kambo wa Bothwell, aliyewahi kuingia matatani kwa kumsaidia baba yake huyo wa kambo. Alikuwa mpiganaji hodari: mwaka 1596 alivunja ngome ya Carlisle upande wa Uingereza na kumtoa mfungwa wa Kiskoti, Kinmont Willie, kisa kinachoimbwa hadi leo. Ukoo wake ulipanda hadi kuwa Maduki wa Buccleuch, miongoni mwa wenye ardhi kubwa zaidi Britania nzima. Watoto aliowazaa Margaret na Bothwell hawakupata bahati hiyo. Mkubwa wao, aliyeitwa Francis kama baba, alirudishiwa heshima na sehemu ya ardhi, lakini cheo cha Erli wa Bothwell hakikurudi kamwe. Mwandishi Walter Scott, si yule wa Buccleuch, alipoandika riwaya ya Old Mortality, mwaka 1816, alimuumba askari fukara na mkatili anayetamba kuwa ni wa damu ya Erli huyo.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho katika habari hii, nami sitaki kukiacha. Tuhuma iliyomfikisha Agnes Sampson kwenye kuni ndiyo hiyohiyo aliyojibu Bothwell Agosti 1593. Yeye alikuja na mawakili, jopo la wenzake na mji uliojaa watu wake, akatoka mlango wa mbele. Sampson alikuja na kamba kichwani. Sheria iliyotumika dhidi yake, ya mwaka 1563, ilidumu hadi 1736, na watu wanaokadiriwa kufika 4,000 walishutumiwa chini yake, wengi wao wanawake. Tarehe 8 Machi 2022, Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, Nicola Sturgeon, alisimama bungeni akawaomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali. Radhi hiyo haikufuta hukumu. Bunge la Uskoti lililomvua Bothwell vyeo lilijua pia kurudisha haki za watoto wa wahaini kwa kifungu kimoja cha sheria, na lilifanya hivyo mara nyingi kwa watu wenye majina makubwa. Mkunga wa Lothian Mashariki na mtumishi wa Tranent wanastahili kifungu hicho pia.